Siku Bibi Alipokunywa Dawa ya Safura

Juzi nilikwenda kuchukua koti la mume wangu kwa dobi, yule anayesafisha nguo kwa mashine bila maji. Kijana wa kaunta alipolitoa kwenye nailoni, harufu ikanipiga puani. Ilikuwa tamu kidogo, kali kidogo, ya kukupanda mpaka kwenye paji la uso. Nikasimama pale na koti mkononi, nikashindwa kuondoka.

"Mama, kuna doa limebaki?" kijana akauliza.

"Hapana mwanangu. Nimemkumbuka bibi yangu."

Akanitazama kwa adabu tu, maana bibi gani anayenukia dobi? Kwa kweli bibi yangu alinukia ugoro, moshi wa kuni na pumba za mpunga, na hakuwahi kuingia kwa dobi maishani mwake. Ila kuna siku moja, tulipokuwa watoto kule kijijini Mamba, alinukia hivi tangu asubuhi mpaka jioni. Sijawahi kuisimulia siku hiyo ipasavyo, na wenzangu wa rika langu ndio watakaonielewa.

Siku hizo hatukuwa tukiitwa watu wa Katavi. Tulikuwa Wapimbwe wa kulima mpunga na mahindi, basi. Viatu vilikuwa vya Misa ya Jumapili kwa waliokuwa navyo, na mashambani, majarubani na chooni tulikwenda peku. Choo chenyewe, kusema ukweli, kwa wengi kilikuwa nyuma ya kichaka. Ilipotoka amri kwamba kila nyumba ichimbe shimo, baba alichimba, na sisi watoto tukalitumia kwa mashindano ya kurusha mawe.

Mdogo wangu Tabu alikuwa na tabia ya kwenda nyuma ya jiko kila mvua ikinyesha. Ukuta wa udongo ukilowa ulitoa harufu nzuri mno, nanyi mnaijua. Tabu alibandua vipande kwa kucha akala. Mama alimchapa, akamkanya, akapaka ukuta kinyesi cha ng'ombe, lakini Tabu akahamia kwenye kichuguu. Mimi niliamini kuna utamu fulani mle ambao yeye ameujua na mimi sijaujua. Siku moja nikabandua kipande changu, nikatafuna na kutafuna, nikakuta ni udongo tu. Nikajua Tabu amekula sehemu nzuri yote.

Kisha akaanza kuwa mweupe. Viganja vyake vikapauka, midomo ikapauka, uso ukavimba kidogo na kung'aa. Tumbo likatuna. Jamani, nilimwonea wivu! Mimi niliyekuwa mweusi wa chungu, mdogo wangu anageuka mweupe mbele ya macho yangu, tena ananenepa. Nilipoona mama anamtazama na kufuta machozi kwa ncha ya khanga, nilidhani naye anaushangaa huo uzuri. Kilichonishangaza ni kwamba Tabu hakutaka tena kucheza. Alikuwa akitembea kutoka jikoni hadi kizingitini, anakaa, anahema kama aliyetoka kisimani na ndoo.

Zahanati yetu ilikuwa mpya, imejengwa baada ya watu kukusanywa kijijini. Mganga wake alikuwa Mnyamwezi mmoja mpole, mwenye baiskeli, na sote tulimwita Daktari. Baba alitaka kumpeleka Tabu. Mama alitaka. Lakini nyumba ilikuwa ya Bibi, aliyemzaa baba, na Bibi alisema hapana.

"Mama, mtoto anaisha," baba alimwambia. Nilikuwa napepeta mchele pembeni.

"Namwona. Nina macho."

"Basi tumpeleke."

"Mkampe dawa ya kuua nzoka?"

Nzoka ni nyoka kwa lugha ya kwetu, lakini Bibi hakumaanisha nyoka wa porini. Alitufundisha kwamba kila mtu huzaliwa na nzoka wake tumboni. Huyo ndiye mlinzi wa nyumba. Ukisikia tumbo linanguruma, ni yeye anaomba chakula, na ukichelewa anakung'ata. Akikasirika, unaumwa. Mpoze kwa mizizi, mbembeleze, mlishe, atatulia. Lakini usimuue, kwa sababu akifa yeye na wewe umekwenda. Nilikuwa nikilaza sikio kwenye tumbo la Tabu, mchana tukiwa mkekani, nasikiliza nzoka wake akizungumza, na yeye anasikiliza wa kwangu. Tulikuwa tumewapa majina.

Msimcheke Bibi, alikuwa na sababu yake. Kabla baba hajaoa, Bibi alikuwa na mtoto wa mwisho jina lake Paulo, mwenye tumbo kubwa kama la Tabu. Akapita mchuuzi na kichupa cha dawa ya minyoo, Bibi akamnywesha Paulo kwa mkono wake mwenyewe. Minyoo ilitoka kweli, mirefu, mpaka mdomoni. Paulo akafa siku ile ile. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na Bibi aliumwa pale penye uchungu kuliko pote. Tangu hapo neno la dawa ya minyoo lilipotajwa, aliondoka akaenda kusaga.

Baba alimsihi mpaka akakubali mtoto akaangaliwe tu, kwa sharti kwamba na yeye Bibi atakwenda. Tulikwenda wote. Daktari alimvuta Tabu kope la chini, akatazama. Akatazama viganja. Akamuuliza mama kama mtoto anakula udongo.

"Ni safura," akasema. "Ni minyoo midogo, huingilia miguuni kutoka kwenye udongo, inakwenda kuuma utumbo na kunywa damu. Dawa ninayo. Lakini leo simpi."

Bibi aliyekuwa ameshajiweka tayari kwa ugomvi akabaki mdomo wazi. "Humpi?"

"Damu yake ni chache mno, mama. Dawa hii ina nguvu, inaweza kumzidi. Kwanza ale vidonge vya kuongeza damu, mumpe na maharage, mchicha, maini mkiyapata. Akishapata nguvu mtamrudisha."

"Hivyo vidonge vinaua nini?"

"Haviui kitu, mama. Vinaongeza tu."

"Hivyo ampe," Bibi akasema, na nadhani ndipo alipoanza kumwamini yule Mnyamwezi, kwa kuwa alikuwa mganga wa kwanza ambaye Bibi alimwona akiiogopa dawa yake mwenyewe.

Tabu akala vidonge. Akaanza kujisaidia choo cheusi kama mkaa, mama akapiga kelele, Bibi akaenda zahanati peke yake kuuliza, akarudi akasema ni kawaida. Nilikuja kuambiwa na mama kwamba siku hiyo ndiyo alimsimulia Daktari habari za Paulo, pale barazani. Daktari hakumwambia kwamba ni ujinga. Hakumwambia pia kwamba Paulo hakufa kwa dawa. Alimwambia, "Mama, inawezekana. Kuna minyoo mikubwa ambayo ukiichokoza kwa dawa isiyofaa inapanda. Ndiyo maana mimi huuliza kwanza. Lakini huyu wa sasa tusipomtibu atakwisha, na hilo halina inawezekana."

Bibi alirudi nyumbani akakaa siku kadhaa bila kumtania mtu. Kwake hiyo ilikuwa homa.

Tabu akapata wekundu kidogo kwenye ufizi, na siku ya kumrudisha ikakaribia. Jioni moja jua halijazama, Bibi akamwita baba, mama akiwepo, nami nikiwepo kwa sababu hakuna aliyekumbuka kunifukuza.

"Dawa hiyo nitakunywa mimi kwanza," akasema.

"Mama, wewe huumwi."

"Daktari amenitazama kope. Amesema na mimi ninayo safura, sote tunaolima majarubani tunayo. Kwa hiyo ni haki yangu. Nitakunywa. Nikiamka kesho yake, mtampa mtoto. Nisipoamka, mumwache na nzoka wake. Mmesikia? Msije mkampa kwa huzuni yenu."

Baba alitazama chini, akachora mchanga kwa kidole.

Nilisikia kila kitu, lakini nilielewa kitoto. Bibi yangu alikuwa amewahi kuua swila kwa mchi. Alikuwa amewahi kumfukuza kiboko shambani kwa kupiga debe na kumtukania ukoo wake. Sikujua kitu ambacho Bibi alikutana nacho kikashinda. Nilielewa tu kwamba anakwenda kupigana na nzoka wake hadharani na kwamba tutarudi nyumbani tukishangilia. Niliomba nifuatane naye nibebe maji, akakubali.

Alipewa masharti. Asinywe pombe, asile chenye mafuta wala karanga, na asubuhi aje na tumbo tupu. Bibi alikuwa mpishi mkuu wa pombe ya mtama katika kijiji kile, kwa hiyo majirani waliposikia kwamba ameacha kuonja pombe yake mwenyewe walidhani ameokoka.

Asubuhi ile aliamka akaoga kwa sabuni, akavaa khanga ya Misa na rozari shingoni. Kisha akaanza kugawa vitu. Mama akapewa jembe lake, lile lenye mpini uliolainika kwa viganja vyake, ambalo hata baba hakuruhusiwa kuligusa. Baba akapelekwa kwenye kihenge, akaonyeshwa mbegu ipi ya mpunga ni ya kupanda na ipi ni ya kula. Mimi nikapewa ungo wake, ule alioufuma akiwa mwari.

Nilirukaruka. Nilijua watu wakienda safari nzuri, Mpanda au hata Tabora, hupata ukarimu wa ghafla, na nikawa najiambia zahanati ingekuwa mbali zaidi labda ningepewa na kinu. Mama alishika jembe huku akitetemeka, nikadhani ni zito.

"Na Tabu?" nikauliza, maana nilimwona amekaa kizingitini hana kitu mkononi. "Bibi, mbona Tabu hujampa?"

Bibi alimtazama Tabu kitambo. "Tabu nitampa huko niendako," akasema.

Akachukua kikapu. Ndani yake aliweka shuka jeupe, jipya, limekunjwa vizuri. Tukaenda.

Daktari alimimina dawa kwenye kikombe kidogo. Ilikuwa maji tu kwa kuitazama, lakini harufu yake ilijaza chumba chote, ndiyo hiyo niliyokutana nayo juzi kwa dobi. Bibi alikishika kikombe. Alifanya ishara ya msalaba, akagusa tumbo lake kwa kiganja, taratibu, kama anavyomgusa mbuzi mjamzito, akasema kwa Kipimbwe, "Nisamehe, tumekaa vizuri." Kisha akainua, akagugumia yote, akafuatisha maji.

"Ulale hapa barazani, mama," Daktari akasema. "Utasikia kizunguzungu kama cha pombe. Usiogope. Kitaisha."

Akalala kwenye mkeka wa zahanati. Nikachungulia kikapuni. "Bibi, si utandike shuka lako?"

"Hilo si la kutandika."

Basi nikaliacha. Baada ya muda macho yake yakalegea. Akaanza kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akasema paa linacheza. Akaimba wimbo wa kupura mpunga, akausahau katikati, akaanza upya. Mimi nikacheka mpaka nikashika mbavu, maana Bibi aliyewalewesha wanaume wote wa kijiji leo kaleweshwa na kikombe cha mtoto. Kisha akanyoosha mkono hewani, kwa mtu ambaye hakuwepo.

"Paulo," akasema kwa sauti ya chini. "Sogea mwanangu. Nisogezee nafasi."

Nilimjua Paulo mmoja tu, katekista, mtu mnene. Nikacheka tena nikimfikiria akisogea. Daktari alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka. Alikuja akachuchumaa, akamshika Bibi mkono kwenye mshipa, akakaa naye hivyo muda mrefu huku wagonjwa wengine wakimsubiri.

Bibi akalala. Nikaona huu ndio wakati wa kujua nani ameshinda. Nikalaza sikio kwenye tumbo lake. Kimya. Nikasogeza chini ya kitovu. Kimya. Harufu ya dawa ilitoka kwenye ngozi yake, kwenye khanga, kwenye pumzi. Hapo ndipo kicheko kiliponikauka, nikaanza kulia bila kujua nalilia nini hasa.

"Unafanya nini hapo juu yangu?" Bibi akauliza bila kufumbua macho.

"Namsikiliza nzoka. Hasemi kitu."

Akaweka kiganja tumboni. Nadhani na yeye alikuwa akisikiliza. Kisha, wallahi, tumbo la Bibi likanguruma, refu, kama gari la mbao linalopanda mlima. Tumbo tupu lile, tangu jana yake halijaona ugali! Bibi akafumbua macho yote mawili.

"Umesikia?"

"Nimesikia!"

"Yumo," akasema. Akajiinua kwa kiwiko, akaanguka, akajiinua tena. "Yumo! Daktari! Yumo!"

Daktari akaja mbio. Bibi akamshika shati. "Mwanangu, dawa yako haimwui mwenye nyumba?"

Yule Mnyamwezi angeweza kuanza somo. Alimtazama tu usoni, akasema, "Hapana, mama. Inafukuza wageni wasioalikwa."

Alipewa haluli ya kuendesha, tukarudi nyumbani, akalala, na asubuhi iliyofuata akaamka kabla ya jogoo wa jirani. Nilimsikia uani akigomba. "Jembe langu liko wapi? Nani kachukua jembe langu? Mpunga haupaliliwi kwa maneno!" Mama akatoka ndani na jembe, analia na kucheka, akapiga magoti akamrudishia kwa mikono miwili. Nami nikauleta ungo, shingo upande.

"Huo kaa nao," Bibi akasema. "Lakini ukiutoboa, nitakutoboa."

Akamchukua Tabu mgongoni yeye mwenyewe mpaka zahanati. Kikombe cha Tabu kilikuwa na dawa kidogo kuliko cha Bibi. Bibi alimshika kidevu, akamnywesha kwa mkono wake, mkono ule ule, na baada ya hapo akakaa naye barazani siku nzima, sikio lake tumboni kwa mtoto. Kila liliponguruma alitutazama na kuitikia kwa kichwa. Tabu alitapika kidogo, akalala, akaamka akaomba ugali. Alirudi kunywa dawa hiyo tena baadaye, na vidonge vya damu aliendelea navyo. Msimu wa mavuno ulipofika alikuwa mweusi kama mimi, ananikimbiza majarubani, na ukuta wa jiko ulibaki salama. Niliona uzuri wake umeharibika. Baba alituletea kandambili, na mawe hayakurushwa tena chooni.

Miaka mingi ikapita. Habari hii ikageuka kichekesho cha nyumbani, Bibi aliyelewa dawa ya safura. Na Tabu, ambaye alikuwa mdogo mno kukumbuka, aliikumbuka kwa namna yake. Kila tukikutana husema, "Bibi alitaka nife na minyoo yangu. Wiki ngapi alinizuilia dawa! Wewe akakupa ungo, mama akampa jembe. Mimi alinipa nini?" Anasema akicheka, lakini dada hamfichi dada. Hicho kicheko kina mwiba.

Bibi alipofariki, mzee kabisa, Tabu alikuwa Mpanda hospitalini anajifungua. Wanawake walipomaliza kumwosha Bibi, mama alifungua sanduku lake, akatoa shuka jeupe. Lilikuwa limepata umanjano kwenye mikunjo. Nikalitambua. "Hilo alikwenda nalo zahanati," nikamwambia mama. Mama akasema, "Ndiyo. Hakutaka tuhangaike kutafuta sanda." Ndipo nikaelewa kwa nini jembe lilikuwa zito siku ile. Nikatoka nje nikalia mpaka watu wakaja kunibembeleza, wakidhani nalilia kifo cha siku hiyo.

Sikumwambia Tabu habari ya shuka. Si kwa kuficha, nilidhani anajua. Watu wa nyumba moja tunadhani kila kitu kimeshasemwa.

Juzi nilipofika nyumbani na koti, nikampigia simu mpwa wangu, binti wa Tabu, aliyesomea mambo ya dawa. Nikamwuliza kuhusu harufu. Akasema ni kweli, mama mkubwa, zamani dawa ya madobi ndiyo ilikuwa dawa ya safura, ni kitu kimoja, ila siku hizi kwa watu haitumiki tena, mtoto anatafuna kidonge na kwenda shule. Akacheka, "Mlikuwa mnakunywa hiyo?" Kisha akampa simu mama yake.

Nikamsimulia Tabu yote. Shuka, rozari, Paulo, mkono uliogusa tumbo.

"Kwa hiyo alidhani anaweza kufa," akasema mwishowe.

"Hakudhani, Tabu. Alijua. Kwa anavyojua yeye, alikuwa anakwenda kufa."

"Na akanywa?"

"Akanywa."

Akaniuliza kwa sauti ya yule mtoto wa kizingitini, "Kwa ajili gani sasa?"

"Ili wewe uwe wa pili," nikamwambia.